Bati Lisilopiga Kelele

Sehemu ya Sita

Mkono bado haujatoka.

Wiki nzima imepita, msomaji. Wewe umekula, umelala, pengine umegombana na jirani mkapatana, na Bi Doreen Yelland bado yuko juu ya ngazi chumbani kwake, mkono wa kulia umezama darini mpaka kwapani, na mlango wa chini unagongwa.

Kwa aliyeazimwa gazeti wiki hii tu, habari yenyewe ni fupi. Serikali ya mkoa inataka kupitisha barabara kuu mpya katika kijiji cha Umbercott, huko Devon. Kati ya mlima na mto pana nafasi ya barabara moja, na katika nafasi hiyo zimesimama nyumba mbili zinazotazamana: ya Doreen, na ya shoga yake Muriel Luscombe. Moja lazima iondoke. Ya Muriel ina boriti nyeusi zilizopita ukutani, ina waridi mlangoni, na watu hutoka mbali kuja kuipiga picha. Ya Doreen ina lipu ya saruji, madirisha ya chuma na paa la bati. Wahandisi hawakuhitaji kuumiza kichwa.

Njia ya kuinusuru ilikuwa moja, nayo ni kuonyesha kwamba chini ya saruji hiyo kuna nyumba ya kale. Ndiyo maana mwanamke anayekaribia miaka sitini alikuwa ametoboa dari ya chumba chake cha kulala kwa chuma cha kuchokolea moto, akipapasa gizani kutafuta boriti moja, moja tu, ya kumwonyesha Mkaguzi wa Majengo ya Kale atakapofika saa tisa.

Ilikuwa saa nane.

"Cyril!" alinong'ona kwa nguvu. "Cyril wee, usifungue!"

Cyril alikuwa ameshafungua. Katika ndoa yao yote, mumewe huyu hakuwahi kuwa mwepesi wa jambo lolote isipokuwa lile ambalo angeombwa alicheleweshe.

"Karibu bwana, karibu," Doreen alimsikia akisema. "Mke wangu yuko chumbani. Amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Darini."

Nyayo zikapanda. Halafu ukasikika mgongano, paji la uso na mbao ya juu ya mlango wa ngazi, mlango ambao kila mgeni mrefu ameuachia alama ya kichwa chake. Doreen alifumba macho. Aliyegonga kichwa, badala ya kulaani, alicheka kwa furaha.

"Mlango mfupi namna hii!" alisema. "Nyumba mpya haijawahi kunigonga hata siku moja."

Akaingia. Alikuwa mwembamba, mrefu, mvi zimejaa, mkoba wa ngozi begani, na masikio mawili makubwa yaliyosimama. Masikio hayo Doreen aliyajua.

Alikuwa yeye! Miaka kumi na saba imepita na masikio ni yale yale.

"Bi Yelland," alisema mgeni, akivua kofia. "Crispin Hallworthy, Mkaguzi. Samahani, nimewahi. Tumeshawahi kuonana. Ila siku ile ulikuwa umesimama chini."

"Sikumbuki," alisema Doreen.

"Mimi nakumbuka. Nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba kuorodhesha majengo ya kale. Hukuniruhusu nivuke kizingiti. Ulisema nyumba hii aliijenga baba yako mwaka wa thelathini na moja, na kwamba kitu pekee cha kale humu ndani ni mume wako."

"Alisema hivyo?" Cyril aliuliza.

"Basi nikaandika ni mpya, nikaenda zangu." Mkaguzi akamtazama Doreen kwa upole, nao ulimchoma kuliko ukali. "Sasa leo naambiwa ni ya kale. Niambie tu, mama, ulidanganya siku ile au umepanga kudanganya leo?"

Kuna maswali ambayo mtu angependa kuyajibu akiwa na mikono yake yote miwili.

"Siku ile," alisema Doreen.

"Kwa nini?"

Kwa nini! Angeanzia wapi? Angemwambia kwamba kuta za nyumba hii ni udongo uliokandwa na majani ya ngano, na kwamba alikulia humu chini ya paa la nyasi, akitoka asubuhi kwenda shule nywele zimejaa vumbi la dari? Kwamba wasichana walimwita Doreen wa Tope, na jina likamfuata mpaka siku ya harusi? Aliapa kwamba akija kuwa na mume, atakuwa na bati. Na siku Mkaguzi alipogonga mlango, kuta zilikuwa zimeshapakwa saruji, na bati limeshapangwa uani, linang'aa. Nyumba ikiandikwa ya kale, nyasi haziondolewi. Alimwona mtu mwenye kalamu na masikio makubwa amesimama kati yake na bati lake, akasema uongo wa kwanza uliomjia mdomoni.

"Nilitaka bati," alijibu. Basi.

"Hebu kwanza tukutoe hapo."

Cyril akamshika kiuno, Mkaguzi akashika kiwiko, wakavuta. Mkono ukatoka kwa kishindo pamoja na kipande cha dari, na wote watatu wakaanguka kitandani juu ya shuka ya maua. Doreen alikuwa wa kwanza kuinuka. Alifuta sketi yake kwa mkono, na sketi ikawa nyeusi. Mkono wote ulikuwa mweusi, kuanzia kwenye kucha mpaka begani.

Mkaguzi akaukamata ule mkono bila hata kuomba radhi, akaupeleka puani.

"Masizi," alisema.

"Vumbi tu hilo," alisema Cyril haraka.

"Vumbi halinuki moshi, mzee."

"Basi ni ya bomba la moshi."

"Bomba la moshi liko upande ule wa nyumba, nimeliona nikiwa nje. Hapa tuko upande huu. Moshi gani huo unaovuka nyumba nzima kuja kuchafua dari ya chumbani?"

 Cyril alianza kuikunja shuka, kazi ambayo Doreen hakuwahi kumwona akiifanya tangu wafunge ndoa. Hapo Doreen akaanza kumtazama mumewe kwa jicho jingine.

Nje mvua ikaanza. Mvua ya Devon haibishi hodi, huingia tu kama mtu wa nyumbani. Mkaguzi akainamisha kichwa, sikio moja juu.

"Mvua inanyesha," alisema.

"Hapa hunyesha," alisema Doreen.

"Na juu yetu ni bati?"

"Bati safi."

"Basi mbona hatulisikii?"

Doreen alijinyoosha. Mkono mweusi, sketi imeharibika, lakini hapa alikuwa na la kujivunia. "Bati letu halipigi kelele, Bwana Hallworthy. Ni la daraja la kwanza. Muriel ana bati bandani kwake, mvua ikianza tu mbwa anakimbilia uvunguni. Sisi miaka yote hii tunalala usingizi wa pono. Wageni wote hunisifia."

"Mama," alisema Mkaguzi taratibu, "duniani hakuna bati lisilopiga kelele. Kuna bati lililolalia kitu."

Wote wawili wakageuka kumtazama Cyril.

Cyril alikuwa ameikumbatia shuka kifuani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejua siku hii itafika na alikuwa akiiombea ichelewe mpaka afe.

"Ulikwenda Exeter kwa dada yako," alianza, akimwambia mkewe. "Unakumbuka? Ukasema ukirudi hutaki kuona unyasi hata mmoja."

"Nakumbuka."

"Ukarudi. Uliuona?"

"Cyril!"

"Sikuuliza kama unyasi ulikuwepo au haukuwepo. Nauliza uliuona?"

"Cyril Yelland, mimi nilikuta moto uani mrefu kuliko wewe! Ulichoma nini?"

"Nilichoma ukingo. Niliukata ukingo wa nyasi uliochungulia nje, nikauziba kwa ubao, ndipo nikaweka bati juu. Nyasi zilikuwa nyingi, mke wangu, unene wa mtu mzima. Nilianza kuzitoa nikaumwa mgongo. Nikasema, anataka bati, bati atalipata." Akameza mate. "Na moto ulikuwa mdogo, kwa hiyo nikaongeza godoro la mama yako."

"Godoro la mama uliniambia umewapa maskini wa kanisani!"

"Nao maskini wangelichoma, lilikuwa na kunguni."

"Miaka kumi na saba," alisema Doreen, "nimelala chini ya nyasi!"

"Na umelala vizuri. Umesema mwenyewe, usingizi wa pono."

Doreen alitafuta cha kumtupia. Kile chuma cha kuchokolea moto kilikuwa karibu, na sijui hadithi hii ingeishia mahakama gani kama Mkaguzi asingekuwa tayari amepanda ngazi, tochi mdomoni, akilipanua lile tundu kwa mikono miwili. Vipande vya dari vilimwagika kitandani. Kichwa chake kikapotea, mabega yakapotea, ikabaki miguu miwili ya suruali ya kijivu ikining'inia.

Ndipo Muriel Luscombe alipoingia na kikapu cha skonzi.

Muriel ndiye mwenyekiti wa chama cha mambo ya kale cha Umbercott, na kofia yake ndiyo kubwa kuliko zote kanisani. Miezi minne sasa amekuwa akipita mlango kwa mlango kukusanya saini za kuitetea nyumba ya Doreen, huku akimweleza kila mtu kwamba si nzuri, lakini ni ya rafiki yake. Alisimama mlangoni. Alimtazama Doreen mweusi, akamtazama Cyril na shuka, halafu akatazama juu.

"Shoga," alisema, "kuna miguu kwenye dari yako."

"Ni ya serikali," alijibu Doreen.

Miguu ikatulia. Cyril akauliza kama bwana yule bado ni mzima.

"Mzee Yelland," sauti ilikuja, nzito, kama ya mtu aliye kanisani. "Huku ndani hukugusa kitu kabisa?"

"Sikugusa bwana. Ndilo kosa langu."

"Mungu akubariki kwa kosa hilo."

Alipotoka alikuwa mweusi uso mzima, na kwenye mashavu ilishuka michirizi miwili myeupe. Alikuwa amelia! Mkononi alishika bua moja la ngano, jeusi, kavu, na bado na suke lake.

"Waezekaji wa upande huu hawang'oi nyasi za zamani," alisema. "Zikichakaa wanaweka nyingine juu, na nyingine juu ya hizo. Kwa hiyo za ndani kabisa ndizo za siku ya kwanza. Na za ndani kabisa ni nyeusi. Boriti nazo nyeusi, mwanzo mpaka mwisho. Mnajua maana yake?"

"Uchafu," alisema Doreen.

"Maana yake moto uliwaka katikati ya sakafu, pale chini ulipoweka televisheni yako, na moshi ukapanda mpaka kwenye nyasi kwa sababu hapakuwa na pa kutokea. Nyumba hii ilijengwa kabla watu wa kijiji hiki hawajajua bomba la moshi ni kitu gani. Bi Yelland, nyumba yako ina miaka mia sita."

Muriel akakaa kitandani juu ya kifusi. "Mia sita," alisema. "Yangu ina mia tatu."

 Doreen alilichukua lile bua. Mtu fulani alilivuna, mtu ambaye hakuwa na bati wala hakuwahi kuliota, akalifunga na mengine, akampandishia mwenzake juu. Na miaka yote hiyo limekaa pale kimya likimkinga yeye, aliyelionea haya.  Aliona aibu, lakini aibu ya sasa ilikuwa imegeuza uso, inatazama upande mwingine.

"Kwa hiyo imepona?" aliuliza. "Haivunjwi?"

"Jengo kama hili halivunjwi hivi hivi tu. Wala huwezi kuliacha lilivyo." Mkaguzi akatoa kalamu, akarudi kuwa mtu wa serikali. "Bati litoke. Paa lirudishiwe nyasi. Lipu ya saruji yote ibanduliwe, kwa maana ukuta wa udongo unahitaji kupumua na ninyi mmeuziba pua. Madirisha ya chuma yatoke. Ubao wa hadibodi mliozibia meko ya zamani utoke."

"Na beseni langu la kuogea? La rangi ya waridi?"

"Hilo hasa."

Doreen alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ngazi. Maisha yake yote amehangaika kutoka kwenye nyumba ya tope na nyasi, na leo sheria inamrudisha humo kwa mhuri.

"Usijali shoga," Muriel alimpapasa mgongo. "Watu watakuja kukupiga picha."

Wakashuka jikoni kunywa chai. Nieleze haraka, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka na wenyewe wakiwa midomo imejaa. Muriel alimimina. Cyril alisamehewa kiasi cha kuruhusiwa kukaa. Mkaguzi alikata skonzi, akapaka jamu kwanza na krimu juu yake, kinyume na wanavyofanya Devon. Wenyeji wote watatu waliona, wakageuza macho dirishani wasimwaibishe.

"Sasa limebaki jambo dogo," alisema akitafuna.

Doreen anawajua watu wa ofisini. 

"Barabara lazima ipite. Nyumba hii ikiwa ya kale na ya ng'ambo si ya kale, barabara itaichukua ya ng'ambo. Lakini ikiwa zote mbili ni za kale, siwezi kuchagua mimi. Ule mstari wa wahandisi utabaki ulivyo, maana ndio ulionyooka."

"Na mstari huo unapita wapi?"

"Hapa," alisema Mkaguzi, akigusa meza kwa kijiko.

Birika likasimama hewani mkononi mwa Muriel.

"Ngoja," alisema Doreen. "Yaani hiyo miaka yangu mia sita hainisaidii kitu?"

"Inakusaidia kama nyumba ya mwenzako haina yake." Mkaguzi akamgeukia Muriel kwa heshima. "Yako, mama, niliiandika mimi mwenyewe ile safari ya kwanza. Nilikaa bustanini kwako, nikazitazama boriti, nikala skonzi nne, nikaandika miaka mia tatu. Lakini leo nimeona nyumba niliyoambiwa ni mpya kumbe ni ya kale. Nimeanza kuiogopa milango ya kijiji hiki. Naweza kuleta watu na misumeno wakatoboe ukuta, na sipendi kumfanyia hivyo mwanamke mwenye mkono wa skonzi kama wako. Kuna njia nyepesi zaidi." Akamgeukia Doreen. "Bi Yelland, umezaliwa katika nyumba hii, dirisha kwa dirisha na ile. Zile boriti ni za tangu lini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe hasa. Wewe ndiye utakayehama ukisema ni za kale. Na mtu hadanganyi kwa hasara yake. Ukisema ni za kale, nitaandika, sitarudi tena."

Sasa, msomaji, kuna jambo ambalo Doreen alilijua, na sikukwambia mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu.

Nyumba ya Muriel ni ya matofali. Matofali ya kawaida, mekundu, ya siku za bibi zao. Mama yake Muriel alibaki mjane mapema, akafikiri kuuza chai kwa watu waliopita na magari, lakini magari hayakusimama, kwani ni nani atasimamisha gari kutazama matofali? Ndipo akamwita fundi seremala, Mzee Ezra Bickle, ambaye alikuwa baba yake Doreen. Doreen alikuwa mtoto mdogo. Alimpelekea baba chakula akamkuta juu ya ngazi, anapigilia mbao nyembamba ukutani na kuzipaka lami, na kati ya mbao na mbao lipu nyeupe. Mama Muriel alimshika bega pale getini. "Hujaona kitu, mtoto," alimwambia, akampa keki. Magari yakaanza kusimama, na mpaka leo yanasimama. Muriel huwatembeza wageni akiwaonyesha boriti ambayo, asema, mpanda farasi wa mfalme alijificha nyuma yake. Haiwezi kumficha hata panya.

Na Muriel hajui. Doreen aliamini hivyo siku zote. Uongo huo Muriel anausema na machozi yanamlengalenga.

Doreen alimtazama shoga yake. Jina la Doreen wa Tope, kama utapenda kujua, aliyelitunga alikuwa Muriel, wakiwa na miaka minane. Neno moja tu sasa, la kweli, na deni hilo lingelipwa. Ni za kubandika. Baba yangu ndiye aliyezibandika. Angebaki na nyumba yake, na udongo wake, na lile bua.

Lakini pia Muriel ndiye aliyekaa naye chumba kile kile cha juu mama yake Doreen alipokuwa anakata roho, akimkanda miguu. Na ni Muriel aliyezunguka na saini zile kwenye mvua, kofia ikichuruzika.

Kofia hiyo leo ilikuwa inatetemeka.

"Nilizaliwa nikazikuta," alisema Doreen. "Na mama yangu alizikuta. Baba alikuwa seremala, alikuwa akinionyesha akisema, tazama mwanangu, hiyo ndiyo kazi ya watu wa zamani."

"Una hakika?"

"Nimezitazama maisha yangu yote, Bwana Hallworthy. Zangu zilikuwa zimezibwa."

Mkaguzi alishusha pumzi, akafungua kalamu, akaandika. Mara mbili Doreen amemdanganya mtu huyu kuhusu nyumba, na mara zote mbili aliaminiwa papo hapo. Mara moja tu amemwambia ukweli, na bwana ikabidi atambae darini.

"Pole sana, mama," alisema Mkaguzi, na alimaanisha.

Cyril, ambaye ni mkwe wa Mzee Bickle na amesikia kila hadithi ya seremala yule, alikuwa amefungua mdomo. Doreen akamkanyaga mguu chini ya meza. Akaufunga.

Muriel aliweka birika mezani. Aliliweka polepole, akakaza utepe wa kofia chini ya kidevu kama anayekwenda kanisani.

"Cyril," alisema, "ile nyundo yako ya kung'olea misumari iko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Ya nini?"

"Muriel, kaa chini," alisema Doreen. "Chai inapoa."

"Siku ile uliponunuliwa kwa keki," Muriel alimwambia, "mimi nilikuwa nyuma ya ngazi. Nilimshikia Mzee Bickle misumari. Najua ulipo kila mmoja."

Alichukua nyundo akatoka.

Mkaguzi alibaki na skonzi mkononi. Kupitia dirisha la chuma wakamwona Muriel akivuka barabara katika mvua, wima, pasi na haraka, akafungua geti lake, akapita kati ya waridi, akachomeka ulimi wa nyundo nyuma ya ile boriti ya mpanda farasi. Msumari ulikaa miaka hamsini humo. Ulipong'olewa ulilia, na mlio ukavuka barabara ukaingia jikoni. Ubao ukaanguka kwenye waridi. Muriel akasogea kwenye wa pili.

Mkaguzi akaishika tena kalamu yake, akaitazama karatasi, akamtazama Doreen.

Lakini Doreen hakuwepo mezani. Alikuwa ameshatoka mbio mvuani, bila koti, bila kofia, mkono mweusi umenyooshwa mbele, akipiga kelele kwamba boriti ile ni kazi ya baba yake na hakuna mtu wa kuigusa.